Uzi wa Kwenda kwa Bosi

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa mitambo anastaafu! Ijumaa bosi atamtaja mrithi: mimi au fundi mwenzangu, Miwani. Miwani, mtu anayepangusa nyaya kwa brashi ya rangi! Nimemwambia mke wangu aanze kuniita Mkuu, nizoee. Kasema Mkuu akatoe taka.

Jumanne, 4 Machi
Wazo! Kebo ya mtandao ya kwenda kwa bosi, ghorofa ya tatu, ina nyuzi mbili za kioo: mmoja wa kupandisha ujumbe, mwingine wa kushusha. Nikichomoa wa kupandisha, taa ya swichi, kisanduku chetu cha kuunganisha kebo huku chini, inabaki kijani: huangalia uzi wa kushusha tu. Miwani atatafuta tatizo mpaka macho yamtoke. Ndipo nitokee mimi, kuokoa jahazi. Akili ni mali!

Jumatano, 5 Machi
Nimechomoa. Lahaula! Kumbe Miwani kaweka mlinzi, programu ya ukaguzi, ndani ya swichi. Kila mara humuuliza mwenzake wa juu kama anamsikia. Asipojibiwa, anafunga njia na kupiga kelele. Kabla sijaketi, Miwani kaufikia uzi, kauchomeka. Bosi kampongeza mbele yangu. Nikapiga makofi. Roho iliniuma!

Alhamisi, 6 Machi
Mlinzi nimemzima. Uzi nimeuchomoa tena. Taa kijani, raha mustarehe! Nikangoja bosi alalamike. Badala yake tangazo lake likaruka kwenye skrini zetu: anayeutaka ukuu amjibu kabla ya saa sita. Nikajibu hapo hapo. Kimya. Nikajibu tena, na picha ya maua. Nikatazama taa: kijani. Basi bosi anatafakari. Miwani hakuandika kitu. Alisema kuna kitu hakimpendezi, akapanda ngazi kwenda kumjibu kwa mdomo. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Fundi mzima anaikimbia kompyuta!

Ijumaa, 7 Machi
Mkuu ni Miwani. Bosi kasema kwangu hakupata hata neno, akadhani sitaki. Sitaki, mimi! Nikaapa nimeandika. Miwani akaenda kuangalia, akarudi akiuliza kwa upole nani kamzima mlinzi. Nikasema panya. Sasa kanipa kazi: kila asubuhi nipande kwa bosi, nimuulize kama ananisikia.

Jumamosi, 8 Machi
Mke wangu kaongea tangu chai. Kuhusu kusikiliza, nadhani. Mimi nilikuwa nawaza. Na kosa nimeliona: uzi mmoja ulikuwa ubahili. Jumatatu nachomoa zote mbili!