Natafuta Maharusi wa Kuwafungisha

Jumatatu, 7 Oktoba

Oktoba! Mwezi wa harusi! Hali ya hewa hapa Jinju ni nzuri mpaka inakera. Na simu yangu iko kimya. Nimeibonyeza kuona kama imekufa. Haijafa.

Zamani, mwezi kama huu, Jumamosi nilikuwa sigusi kijiko cha nyumbani. Natoka harusi hii naingia ile. Glavu nyeupe, ua kifuani, hotuba mkononi. Waliooana mjini humu, wengi nimewafungisha mimi, Maeng Gwang-sik, naibu mwalimu mkuu mstaafu. Sasa vijana hawaoi. Na hao wachache wanaooa hawamtaki mfungishaji! Baba wa bibi harusi anasoma mistari minne, bwana harusi anapiga pushapu mbele ya wakwe, watu wanashangilia, wanakwenda kula. Hiyo ni ndoa au bonanza?

Nimekwenda Jumba la Lulu kumsalimia Meneja Pyo. Ghorofa ya pili, pale pale nilipokuwa nikisimama, siku hizi wanafanyia mbwa sherehe za kuzaliwa. Nimeona kwa macho yangu kijibwa kimevaa kofia ya hariri, kimezungukwa na maputo. Pyo akaninong'oneza: Mwalimu, usicheke, mbwa hawaghairi. Nikamuuliza, je, nikileta maharusi wangu mwenyewe? Akasema nikileta maharusi wawili wanaopumua, nitahutubia mpaka ulimi uote sugu.

Kumbe ni hilo tu! Maharusi nitawatengeneza.

Jioni mke wangu, Mama Hyejin, akasema ana jambo anataka kuniambia. Nikamwambia asubiri, niko katikati ya wazo.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimeanza na rahisi, binti yangu. Hyejin ana miaka thelathini na saba, anakaa Seoul, ana kazi nzuri, meno yote anayo. Nikampigia kumweleza habari za mtoto wa daktari wa meno. Akasema, baba, niko njiani, nampeleka Dubu kliniki. Dubu ni mbwa. Anasukumwa kwenye kigari cha watoto! Nikasema kwa upole (majirani waligonga ukuta) kwamba umri haumsubiri mtu.

Akanijibu kwamba yeye ndoa ameiona kwa karibu tangu azaliwe, alikuwa chumba cha pili. Hana haraka.

Sijui alimaanisha nini. Kisha akaomba kuongea na mama yake. Mama Hyejin akachukua simu, akaingia chumbani, akafunga mlango. Wameongea muda mrefu. Bila shaka ni mambo ya kimchi, zile kabichi zao za kuchachusha.

Alipotoka akasema tena kwamba ana jambo. Nikamwambia kama ni mashine ya kufulia, amwite fundi.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimewapata! Nashangaa sikuwaza mapema.

Bwana harusi: Bong Seung-u, mwanafunzi wangu wa zamani, miaka arobaini na moja, ana duka la kuku wa kukaanga chini ya jengo letu. Hesabu hajui lakini moyo anao. Bibi harusi: Bi Yeom Mi-ran, mfamasia wa duka la dawa lililo mkabala. Mkali kidogo. Vizuri, atamsimamia hesabu.

Nimemwambia Bong kwamba Bi Yeom huwa anamuulizia sana. Nimemwambia Bi Yeom kwamba Bong ana moyo dhaifu, anakataa dawa, na mtu pekee atakayemsikiliza ni yeye. Mshtuko aliouonyesha! Mapenzi tayari yameshika. Wote wawili Jumamosi alasiri, pale pale dukani kwa Bong.

Kwenye bafu la umma nimekutana na Tak Byeong-ho. Huyu ni mwalimu mkuu mstaafu. Mkuu, ndiyo, kwa sababu alijua kumchekea mkaguzi. Amepaka nywele rangi nyeusi kama kiwi ya viatu. Akajisifu, akiwa uchi kabisa, kwamba Jumamosi ana harusi. Anasema dakika mbili, anaimba wimbo mmoja, anashuka. Wanampenda. Akaniambia: Maeng, ndugu yangu, ikate hotuba yako, watu wana njaa. Nikamwambia ndoa si supu ya haraka. Akaniomba sabuni. Sikumpa.

Jumamosi, 12 Oktoba

Sijawahi kudhalilishwa hivi mbele ya kuku.

Nilifika na hotuba mfukoni. Bi Yeom akaja kwa haraka na kipimo cha shinikizo la damu, akamshika Bong mkono, akamwita "wewe mpumbavu, kwa nini hukuniambia?" Nikajua mambo yamekwiva. Bong akashangaa. Nikasimama kuwaunganisha. Ndipo wote wawili wakanigeukia.

Wanaishi pamoja! Miaka minne! Ghorofa ya saba, mimi niko ya tisa! Tunapanda lifti moja! Mlinzi anajua. Mwanamama wa chama cha wakazi anajua. Mama Hyejin anajua, tena huwapelekea kimchi!

Nikauliza, kwa hiyo harusi lini? Bong akafuta mikono kwenye aproni. Akasema, Mwalimu, sikukuu ya mavuno, Chuseok, kila mmoja wetu huenda kwa mama yake. Analala, ananenepa, tunarudi tumekumbukana. Tukioana, huyu atakwenda kwetu kukaanga chapati za matambiko ya mababu ambao hata mimi siwajui, na mimi nimelala mbele ya televisheni. Nimfanyie hivyo mtu ninayempenda, kwa kosa gani?

Nikasema mke wangu amekaanga miaka arobaini na miwili na hajalalamika hata siku moja.

Bi Yeom akamtazama Bong. Bong akatazama kuku.

Nimerudi nyumbani na ghadhabu. Mama Hyejin alikuwa amekaa ananisubiri, televisheni imezimwa. Akasema jambo lake lenyewe. Anakwenda Namhae kuishi na dada yake. Si ugomvi, si talaka, jina langu litabaki pale lilipo kwenye cheti. Amehitimu tu, amesema. Siku hizi wanawake wa rika lake wanahitimu ndoa kama watu wanavyohitimu shule. Na Chuseok iliyopita ilikuwa ya mwisho yeye kukaanga.

Nikamwambia ni wazo zuri, huu ni msimu wa kupanda vitunguu saumu na dada yake mgongo unamsumbua. Abebe sweta, pwani kuna upepo.

Akanitazama kwa muda mrefu. Labda ile sweta imeliwa na nondo.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimeamka na wazo kubwa kuliko yote niliyowahi kuwa nayo!

Vijana hawa hawajakosa hotuba. Wamekosa mfano. Na mfano uko wapi? Uko kwangu! Tarehe ishirini na mbili mimi na Mama Hyejin tunatimiza miaka yetu ya ndoa. Tutaoana upya, hadharani, pale Jumba la Lulu. Waliofungishwa na mimi wote waje, waone ndoa inavyokaa. Bong na Bi Yeom waketi mbele kabisa, waone haya.

Pyo amenipa Jumanne alasiri, Jumanne hana mtu wala mbwa. Akauliza nani atafungisha. Tak aliposikia (huyu ana masikio kila mahali) akajitolea. Afadhali nife! Nitafungisha mwenyewe. Pyo akakuna kichwa, akasema hajawahi kuona bwana harusi akijifungisha. Nikamwambia mwalimu anayejua kazi yake hushika chaki na rula kwa wakati mmoja.

Mama Hyejin asijue. Itakuwa furaha ya ghafla.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimepiga simu mpaka sikio likawaka. Wa kwanza aliniuliza, Mwalimu, nije na nani, sisi tulishaachana. Wa pili akauliza ninamaanisha mke yupi. Wa tatu, mama mmoja, amesema atakuja endapo mumewe wa zamani ataketi upande wa pili wa ukumbi. Mwingine alinishukuru sana kwa hotuba yangu ya siku ile. Alisema ilikuwa ndefu kiasi kwamba alipata nafasi ya kufikiria vizuri na kugundua anakosea, ila aliona aibu kukimbia. Ni heshima kukumbukwa na watu.

Jambo la ajabu. Mama Hyejin anaendesha gari! Ana leseni. Sijui alijifunza lini, anasema nilikuwepo. Kigari chenyewe kikuukuu, cha rangi ya malimau, na sasa amekijaza maboksi. Nikamuomba Jumanne anipe mchana wake, kuna chakula Jumba la Lulu. Akasema sawa, Jumanne ndiyo anaondoka, atapitia hapo.

Mizigo tayari iko ndani ya gari! Hata fungate imejipanga yenyewe. Mungu akitaka kukupa hakuandikii barua.

Jumanne, 22 Oktoba

Naandika na ua bado kifuani.

Watu walijaa. Hyejin alikuja kutoka Seoul na mbwa wake kwenye kigari. Tak alikuja na nywele zake. Bong na Bi Yeom nimewaketisha mbele kwa nguvu. Mama Hyejin aliingia na koti lake la safari, akaona maua, akaona jina lake ukutani, akasimama kidogo. Kisha akaketi safu ya nyuma, kiti cha mwisho. Kiti alichokalia harusi zote nilizofungisha. Nilimwashiria aje mbele. Akatikisa kichwa.

Nikaanza. Kama mfungishaji, nikamuuliza bwana harusi kama atampenda mkewe. Nikashuka jukwaani. Kama bwana harusi, nikajibu "Ndiyo!" kwa sauti. Nikapanda tena. Magoti yalilia lakini heshima ilikuwepo.

Nikaingia kwenye hotuba. Nilipofika pale ninaposema kwamba mume mwema humuuliza mkewe kila asubuhi kama amelala vizuri, mtu akacheka. Alikuwa Hyejin. Kisha akaacha kucheka, akaziba uso kwa mikono. Nikaendelea.

Nikamuuliza bibi harusi, Seol Ok-bun, kama anamkubali Maeng Gwang-sik.

Akasimama. Hakupandisha sauti. Alisema hotuba hii ameisikia kuliko mtu yeyote duniani, na kila akiisikia aliipenda ile nyumba iliyomo ndani yake. Alikaa akisubiri siku tutakayohamia. Mwanzoni alidhani ni mwaka huu, kisha mwaka ujao, kisha nikistaafu.

"Siku ile ya kwanza baba yangu ndiye aliyenijibia," akasema. "Leo nimeulizwa mimi. Hapana, Baba Hyejin. Na asante kwa kuuliza."

Akawainamia wageni kwa adabu, akawaambia wakale supu isipoe, akatoka.

Aliyeanza kupiga makofi ni Tak. Sitamsamehe! Kisha wanawake wakasimama, safu kwa safu, hata wale wenye waume pembeni. Bi Yeom alikuwa analia na kupiga makofi pamoja. Hyejin alisukuma mbwa mbio kumfuata mama yake. Kupitia dirishani nikaona kile kigari cha malimau kikirudi nyuma, kati ya nguzo mbili nyembamba, bila kugusa hata moja. Lazima nikiri, alikirudisha vizuri.

Nilibaki na kurasa tisa mkononi. Watu wakahamia kwenye chakula. Nikazisoma zote. Katikati nikanywa maji. Sikujua mtu huenda wapi akiacha kusoma.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nimekaa nikachambua makosa kwa utulivu. Moja, kipaza sauti kilikuwa kinakwaruza. Pili, Tak. Tatu, na hili ndilo kubwa: bibi harusi hapaswi kuulizwa swali lenye majibu mawili. Nimelirekebisha kwenye hotuba. Sasa atatangaziwa.

Nyumba ina sauti ya friji tu. Nimekula tambi za pakiti, jana pia, na leo asubuhi. Sikujua kwamba friji inaunguruma. Inaunguruma mpaka unataka kuiambia kitu.

Nikapiga simu Namhae. Akapokea shemeji. Kabla sijasema neno nikasikia nyuma yake mwanamke anacheka. Anacheka mpaka anakohoa, anaomba maji, anaanza upya. Nikamuuliza shemeji, ni nani huyo mgeni wenu? Akasema, ni mkeo, amemwaga ndoo ya mbegu. Nikamwambia asinifanye mtoto. Miaka arobaini na miwili, kama mke wangu angekuwa anacheka hivyo, ningemsikia. Akasema subiri nimwite. Kisha akarudi akasema Ok-bun anakusalimia, ana tope mikononi.

Tope! Bila shaka kicheko kile kilikuwa cha televisheni.

Lakini shemeji, kwa ulimi wake mwepesi, akaniambia kwamba pale kijijini wako wanawake watano waliohitimu kama Mama Hyejin, na jioni wanakula pamoja. Nikakata simu kwa furaha. Watano! Maana yake kuna waume watano mahali fulani, wamekaa wanasikiliza friji, na hakuna hata mtu mmoja wa kuwahutubia.

Nimempigia Pyo hapo hapo. Jumanne ukumbi uko wazi. Nimemwambia apange viti, chakula kisitolewe mpaka nimalize.