Nilivyong'oa Gavana ya Leza

Jumanne, 10 Machi 2026
Machakos nzima, mtu wa kuelewa umeme ni mmoja. Mimi! Hata stima ikipotea, majirani hunitazama mimi kwanza. Leo mpwa wangu Peris ameniachia karakana yake, ameenda Matuu kutafuta mbao. Nisimamie mashine ya leza ichome jina la Mzee Muthoka kwenye kigoda. Jumamosi wakwe wanamletea mbuzi za ntheo, zile za posa ya binti yake, na mzee lazima akalie kitu cha heshima.

Peris akasema, Anko, usiguse huu waya mwembamba. Ati ndani ya leza kuna kijicho kinachopima mwanga. Ukizidi, saketi inapunguza umeme, ukififia, inaongeza. Nikamwambia asinifundishe. Nimeendesha matatu za Kangundo. Spidi gavana, kile kidude cha kuzuia gari lisikimbie, naijua hata ikivaa kanzu!

Jumatano, 11 Machi
Nzomo, mchongaji wa jirani, amekuja kunicheka. Ati leza yangu inachoma kama mgonjwa anayekunywa uji. Tukashindana. Yeye na patasi, jina lilelile, kwenye kigoda chake. Akafika H, mimi bado niko U. Aibu! Nikafanya kama dereva yeyote wa maana anavyoifanyia gavana. Koleo, waya, kata.

Mwanga! Herufi T ikachimbika kama shimo la choo. Nikashangilia. Halafu moshi ukaisha. Leza imebaki kimwanga cha rangi tu, kama tochi. Haichomi hata karatasi.

Alhamisi, 12 Machi
Peris amerudi. Nikasema ni panya. Akauliza panya wa hapa wameanza kutumia koleo lini. Kumbe kijicho kikikatwa, saketi hudhani ni giza, inaongeza umeme, inaongeza tu, mpaka leza inaungua. Nikasema basi saketi ndiyo haina akili. Peris akashika kichwa. Mteja wake mkubwa wa kwanza, na kigoda kimetoboka! Akaenda kumsihi Nzomo amalizie kile chake. Nzomo alikubali, baada ya kucheka mpaka akakohoa.

Jumamosi, 14 Machi
Mzee Muthoka amekalia kigoda kama chifu. Wakwe wamesifu herufi. Nikawaambia kazi hiyo imepita mikononi mwangu. Peris akaangalia mbuzi.

Amepata leza nyingine. Waya ameufunika na gundi. Gundi, ati nisiuguse, mimi! Kosa langu nimeshaliona: nilikata waya wote. Ungekatwa nusu tu. Jumatatu anasafiri tena.

Lakini hili lisijulikane: Nzomo alipokuwa akichonga, mimi ndiye niliyeketi chini, nimekumbatia miguu ya kigoda kisitikisike. Kila herufi ikiisha, ananiambia nipulize vumbi. Nilipuliza.