Ombi la Kurudishiwa Nyuki Weusi wa Mama Rosaria wa Kilwa

Nchelenge,
9 Oktoba 1956

Kwa Bwana Afisa wa Nyuki

Bwana Mkubwa,

Sisi hapa ziwani tu wazima wote isipokuwa mimi, na sababu za kutokuwa mzima ndizo ninazokuandikia. Ninatumia Kiswahili kwa kuwa ulituambia ulikaa Tabora miaka sita, na kwa kuwa Kibemba chako, ambacho tunakisifu sana ukishaondoka, bado hakijafika kwenye mambo ya nyuki. Kiswahili changu nilikipata Kasenga, ng'ambo kwa Wabelgiji, nilipokuwa nikiwapimia wachuuzi wa Kigiriki samaki. Ukikuta neno lina harufu, unisamehe.

Utakumbuka kwamba mwezi wa Julai ulikuja na lori, ukasimama mbele ya kanisa letu baada ya ibada, ukatuambia unatafuta nyuki weusi, wenyeji halisi wa nchi hii, wasiochanganyika na nyuki wa mahali pengine, ili uwazalishe malkia katika shamba lako na kuwagawia watu. Tulifurahi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu wa boma kumtafuta mwenyeji bila kumwuliza karatasi yake ya chitupa. Kisha ukanichagua mimi, karani wa kanisa, niwe mtafutaji wako, kwa sababu ninavaa miwani. Ukanipa kioo cha kukuzia, vizimba vitatu vya waya vya kumwekea malkia, kila kimoja kidogo kama kiberiti, na karatasi yenye alama tano za nyuki mwenyeji. Siku ile nilishukuru. Leo ninaleta malalamiko, na nimeyapa namba ili mpishi wako akikuita mezani katikati ya kusoma, ujue ulipoishia.

1. Alama ya kwanza katika karatasi yako inasema nyuki mwenyeji ana tumbo jeusi, lisilo na mkanda wa manjano kwenye pingili ya pili. Bwana Mkubwa, nyuki halali chali. Nilianza kwa Kafula wa Mununga, mzee mwenye mizinga kumi na miwili ya magome msituni. Nilimwinamia nyuki wake wa kwanza kwa kioo chako, naye akaniuma juu ya jicho. Siku nne niliona kwa jicho moja, na katika siku hizo nne niliandika ubatizo wa watoto sita katika daftari la kanisa. Binti wa Olipa sasa anaitwa Watson. Wazazi wake wamekwisha kulizoea jina hilo. Mchungaji bado.

2. Alama ya tano inasema nyuki awe amezaliwa upande wetu, asiwe ametoka kwa Wabelgiji. Nilimwuliza Kafula nyuki wake wametoka wapi. Alinieleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mgonjwa, kwamba wakati wa maua makundi mengine huja na mengine huenda, na katika maisha yake hajaona hata kundi moja likisimama mpakani kuonyesha karatasi. Nilipomaliza kuwatazama, nilikuta tumbo jeusi na tumbo la manjano katika mzinga mmoja. Niliandika hivyo hivyo kwenye ripoti, na ninaomba uikumbuke hiyo ripoti mpaka tufike namba tano.

3. Watu wakaniambia kwamba nyuki weusi kupita wote wako kisiwani Kilwa, hii ya ziwani kwetu, si ile ya pwani, kwa Mama Rosaria. Chisenga, ambaye huvusha watu kwa mtumbwi wake, akanipeleka. Mama Rosaria ni mjane. Alikuwa na mzinga mmoja tu, umening'inia chini ya paa la jiko lake, na nyuki wake walikuwa weusi kama tako la chungu. Tena ni wapole. Mbele ya macho yangu aliingiza mkono mtupu mpaka kwenye kiwiko, akatoa sega, akaufuta mkono kwenye kitenge, hakuumwa. Asali yenyewe hajilii. Huwapa watoto wa kisiwa wanaokohoa, kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni, kwa maana zahanati iko upande wetu huku, na upepo ukikataa, mitumbwi hukaa hata siku tatu bila kuvuka.

Nilimwonyesha barua uliyonipa ya ruhusa ya kuchukua malkia. Hasomi, ila aliutazama muhuri muda mrefu. Akaniambia, "Bashi Maggie, ukibeba mama yabo, batoto batabakia na nani?" Huniita hivyo, Baba Maggie, kwa jina la binti yangu wa kwanza. Nilimjibu kwamba serikali itawatunza vizuri kuliko yeye. Ni mimi niliyesema maneno hayo, si wewe, na ninaandika hapa ili isieleweke vinginevyo.

Basi nikamtia malkia kizimbani. Kundi zima likatoka, likamfuata, likaning'inia kwenye kizimba kama ndevu, na ndivyo tulivyovuka nao. Chisenga alipiga kasia kutoka Kilwa mpaka Nchelenge bila kujikuna. Hajawahi kuingia kanisani kwetu, lakini siku ile alizijua sala zote. Mama Rosaria alisimama ufukweni mpaka akawa mdogo kama kijiti. Mimi nilijifanya ninatazama nyuki.

Ulipowapokea uliwatazama kwa kioo chako kikubwa, ukavua kofia, ukasema, "Hawa ndio wenyewe." Kisha ukaniandikia cheti chenye maneno wenyeji halisi, wasiochanganyika, na chini yake sahihi yako. Ninacho mpaka leo.

4. Tangu wiki ya pili ya Septemba Mama Rosaria anakaa nyumbani kwangu. Alishuka kwenye mtumbwi wa Chisenga na chungu kitupu cha asali, akaketi kwenye kiti changu, basi. Hagombani na mtu. Kila asubuhi huniuliza, "Banyuki bangu balilala muzuri?" Mimi sijui walilalaje, Bwana Mkubwa. Wewe ndiye uliyelala nao karibu. Mke wangu Eneless amehamia upande wake, na siku hizi ninapakuliwa ugali mwisho, baada ya wageni na baada ya kuku. Tena akina mama wa Kilwa wanaokuja huku kuuza samaki hupita mlangoni kwangu na watoto wao wanaokohoa, kwa hoja kwamba aliyebeba nyuki amebeba na kikohozi. Nimejaribu maji ya sukari. Mama mmoja aliyaonja, akanirudishia kikombe. Mtoto wake, Kingsley, wa miaka miwili, alikohoa barazani kwangu tangu asubuhi mpaka saa sita. Nilitoka nikaenda kutembea, na nilipokuwa mbali bado nilidhani ninamsikia.

5. Nikiwa katika hali hiyo ilinifikia barua yako ya tarehe 30 Septemba, inayoniagiza nichome moto mizinga yote ya Kafula, kwa kuwa, kwa ushahidi wa ripoti yangu, nyuki wake wamechanganyika na wataharibu damu ya wale wa kwako. Nilikwenda Mununga nikamsomea. Kafula aliniomba nimsomee mara ya pili. Halafu akasema, "Beusi na ba manjano, mama yabo ni mumoja, nyumba ni moja. Nichome nusu ya nyumba?" Nikamwambia nitauliza. Ndipo ninapouliza.

Kwa maana kama mchanganyiko ni kosa la kuchomewa moto, tuanze kwa utaratibu. Twende kwanza Mwansabombwe, makao ya mfalme wetu, ambako wakubwa wenyewe husema kwa ngoma na kwa furaha kwamba babu zao walitoka mbali sana magharibi wakavuka mto Luapula. Kisha uje kwangu, kwa kuwa bibi yangu aliletwa kutoka upande wa Wabelgiji pamoja na mzigo wa chumvi, na mpaka leo katika ukoo wetu hatujakubaliana kipi kilikuwa cha thamani zaidi. Kisha Chisenga, ambaye hajui alizaliwa upande gani kwa sababu mama yake alimzaa mtumbwini, katikati ya ziwa. Tukimaliza hao, katika wilaya nzima utabaki wewe peke yako, Bwana Mkubwa, na mimi ni mtu wa adabu, siwezi kuandika kwenye barua pingili yako ya pili ina rangi gani.

Kwa hiyo ninaomba haya. Nyuki wa Mama Rosaria warudishwe Kilwa kwa motaboti yako kabla mvua hazijaanza. Cheti chako kinasema ni wenyeji halisi, na mwenyeji hawezi kuondolewa kwake akapelekwa kuzaa mahali pengine bila mwenye nyumba kukubali. Hiyo ndiyo nguzo ya hoja yangu, na imesimama juu ya sahihi yako mwenyewe. Pili, Kafula aachwe na nyumba yake yote, nusu zote mbili. Tatu, umwandikie Mama Rosaria mistari miwili ya kumwomba radhi. Nitamsomea, na ya kwangu nitaiongezea hapo hapo.

Mfikishie salamu mama wa nyumbani kwako, na mpishi, na dereva aliyetukwamua kwenye mchanga, na yule karani wa biro, yaani ofisi yako, ambaye huzipanga barua zangu chini ya nyingine. Eneless anakusalimu. Kafula anakusalimu kwa mbali. Kanisa zima linakuombea, pamoja na Watson binti wa Olipa.

Ni mimi mtafutaji wako,

Ackson Bwembya
Karani wa Kanisa

Nyongeza. Kabla ya kuifunga barua hii nilimsomea Mama Rosaria. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka mpaka akashika ukuta. Anasema nyuki wale marehemu mume wake, aliyekuwa mpishi wa padri mmoja wa ng'ambo, alipewa na padri huyo. Padri aliwaleta kwa meli kutoka kwao Ulaya, na ndiyo maana ni weusi vile na wapole vile. Ni wazungu, Bwana Mkubwa, wazungu watupu. Nilimwuliza kwa nini hakusema tangu mwanzo. Alijibu kwamba mimi na wewe tulikuwa tunawauliza nyuki.

Ninaona aibu, lakini siwezi kuiandika barua upya kwa kuwa karatasi imekwisha. Tafadhali, kila mahali nilipoandika mwenyeji, soma mgeni, na kila mahali nilipoandika mgeni, soma mwenyeji. Cheti ninakirudisha humu ndani. Ombi lenyewe usiliguse. Kilwa bado wanakohoa.