Chuma cha Nyota kwa Dada Raheli

Jumatatu, 4 Agosti 1975. Magomeni, Kilosa

Dada Raheli kapimwa kliniki. Damu pungufu! Nesi Mwamvua kasema mwilini hana chuma cha kutosha, na tumbo ndilo hilo limeshakuwa kubwa. Damu isipopanda, kujifungua kwake kutakuwa kwa hatari. Kampa vidonge, kamwamuru ale maini na mchicha. Dada kacheka tu. Mimi sikucheka. Mama alifariki akinizaa mimi, na mgongo wa kwanza ninaoukumbuka ni wa dada. Lakini hofu ya nini? Ulimboka nipo!

Jumanne, 5 Agosti

Darasa la watu wazima. Kusoma najua (darasa la tano niliacha kwa hiari yangu), nakwenda kumsaidia Mwalimu Timotheo kwa maswali. Leo katupia chumvi motoni, mwali ukawa wa njano. Kasema kila elementi ina rangi zake, ndiyo maana wataalamu wakichambua mwanga wa nyota wanajua ndani mna nini. Haidrojeni tele, kisha heli, vingine chembechembe. Ila chuma kimo! Tena chuma chetu chote, hata cha damuni, kilipikwa ndani ya nyota zilizopasuka zamani. Nikauliza zipi zina kingi. Kasema nyota kongwe ni fukara, zilizozaliwa baadaye zina zaidi, na kule katikati, ule mkanda mweupe wa angani unapovimba, kimejaa kuliko pembezoni. Kanisifu, swali zuri! Jirani yetu Mzee Petro kaninong'oneza nifunge mdomo, watu wana njaa. Wivu.

Jumatano, 6 Agosti

Sinia kubwa la dada. Maji safi ya kukinga chuma usiku, dada anywe asubuhi. Juu ya banda la kuku, chini kabisa ya pale mkanda unapovimba. Bakuli lingekinga nyota chache mno.

Alhamisi, 7 Agosti

Balaa! Nimekuta jogoo wa Mzee Petro kasimama ndani ya sinia, anakunywa kwa raha zake. Siku nzima anawika kama mpiga mbiu. Ushahidi tosha! Leo nafunika sinia kwa chandarua changu. Mbu wanile mimi.

Jumamosi, 9 Agosti

Shemeji Kornelio, mume wa dada, karudi kutoka kazi ya barabara Mikumi. Kaleta maini. Kauliza mbona sinia lake la harusi linalala na kuku. Nikamweleza sayansi. Akauliza, kama chuma kinadondoka bure hivyo, mbona duka la ushirika halina majembe? Nikamjibu majembe yanataka sinia kubwa zaidi. Kacheka mpaka majirani wakachungulia. Dada kanitetea, kasema mwacheni mdogo wangu, maji yake nanywa yote. Halafu kala maini huku kaziba pua.

Jumatatu, 8 Septemba

Damu imepanda! Nesi karidhika kabisa. Dada kanishika mkono njia nzima, kama zamani akinipeleka shule. Kornelio anadai ni maini. Nesi anadai ni vidonge. Nikawaacha waseme.

Jioni nikamfuma dada nyuma ya jiko, anamwagia mchicha maji yangu. Kashtuka. Kakiri hajawahi kunywa hata funda, yalikuwa na manyoya ya kuku, ila hakutaka kunivunja moyo. Nikakaa chini palepale. Kisha nikamuuliza huo mchicha anakula nani. Kasema yeye, kila siku.

Basi! Nyota kwenye maji, maji kwenye mchicha, mchicha kwa dada! Nimewashinda wote! Dada kacheka hadi machozi, kauchukua mkono wangu, kauweka tumboni. Mjomba mtu nikapigwa teke.

Jumanne, 9 Septemba

Mwalimu Timotheo kanieleza polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa: chuma kile kilitoka nyotani kabla dunia haijakuwapo, kwenye sinia hakidondoki kitu. Nimeelewa vizuri sana. Kaongeza kuwa mifupa ya mtoto inataka kalsiamu, nayo pia imo nyotani.

Kornelio kaficha sinia. Nimeazima karai la zege.