Kipepeo Wangu na Mdudu wa Mudathir

Jumatatu, 8 Septemba
Mwalimu Tunu kapita karakana yetu ya useremala hapa Chang'ombe. Anatafuta wadudu wawili wa kuwalinganisha darasani Alhamisi. Mie nimeahidi kipepeo wa msituni. Mudathir, fundi mwenzangu, kaahidi mdudu wa kwenye magome ya magogo! Kidudu cheusi, utadhani punje ya mchele iliyoungua. Nimecheka mpaka randa ikanitoka mkononi. Nampenda Tunu mwaka wa tatu sasa. Hajui. Alhamisi atajua.

Jumatano, 10 Septemba
Nimeshinda katika msitu wa Pugu na chandarua cha mama. Kiatu kimoja kimebaki kwenye tope. Lakini nimempata! Mabawa ya buluu, buluu ambayo sijaiona hata kwenye khanga. Alasiri yote nimejilaza sakafuni kumtazama. Nikaiona harusi yetu nzima, mpaka rangi ya mapazia.

Alhamisi, 11 Septemba
Balaa! Kipepeo kakunja mabawa. Kwa nje ni kahawia, jani kavu kabisa. Mtoto mmoja kauliza mdudu yuko wapi. Nikapuliza. Nikamwimbia kidogo. Wapi!

Mudathir yeye kageuza gome tu. Chini yake vijia tele vilivyotafunwa na wadudu hao: cha mdudu mama katikati, vya watoto vikitoka pembeni, kila mmoja na chake, vikipanuka kadiri walivyokua. Tunu akavifuata kwa kidole, taratibu, akasema vinamkumbusha hina ya bibi harusi. Bibi harusi! Nikapuliza tena.

Ndipo kipepeo akafunua mabawa, akatoka dirishani. Tunu alimtazama mpaka akapotea juu ya mapaa. Alikuwa ananiwaza mimi, nina hakika. Kisha akamwomba Mudathir gome jingine.

Jumapili, 14 Septemba
Mudathir kaniomba nimsindikize mshenga wake kupeleka barua ya posa kwa kina Tunu, Mtoni. Eti mie ndiye mtu anayemwamini. Nimekubali! Angalau niione nyumba yao kwa ndani. Barua nimeibeba mwenyewe, ndani ya kitambaa cheupe. Mama yake Tunu nilimpa shikamoo mara tatu. Kaniuliza kama naumwa.

Jumapili, 21 Septemba
Posa imekubaliwa. Nimelia nyuma ya mbao, sana. Halafu nikatulia, nikawaza. Posa si ndoa. Na kosa langu nimeliona: kipepeo alikuwa mmoja. Jumamosi narudi Pugu. Naleta kumi.