Divai Yangu Namba Saba

Jumatatu, 6 Mei
Nimepeleka chupa ya divai yangu nyeupe, Riesling, kwa Padri Wendelin. Jumamosi kijiji kinaonja divai za mwaka, na jina la mshindi linachongwa kwenye mlango wa ghala la kanisa. Jirani zetu Thielen wapo mara tatu. Kniebes, yaani sisi, hata mara moja! Na mteremko wa mizabibu wenye jua kuliko yote hapa mtoni Mosel ni wetu. Nimemwambia mke wangu Roswitha kwamba mwaka huu hakuna wa kunifikia. Ameniuliza kama chakula hunishuka nisipojisifu kwanza. Wivu tu.

Jumatano, 8 Mei
Nimepita kwa jirani yangu Gisbert Thielen kumjulia hali ya mgongo. Mgongo mzima kabisa, lakini mtu lazima awe na sababu ya kupita. Akanionjesha divai yake. Nikanusa: pichi, maua, mawe yaliyonyeshewa. Mama yangu! Nikamwambia inanuka mafuta ya taa. Akacheka, akasema hiyo ni sifa ya Riesling kongwe, basi yake imezaliwa na busara. Mjinga huyu.

Ijumaa, 10 Mei
Nimejitolea kufagia ghala. Chupa kumi na mbili, hazina lebo, kila moja na namba yake shingoni kwa uzi. Yangu saba. Gisbert ametangaza njia nzima kwamba yake ni tatu. Nikashika nyuzi za saba na tatu: fungua, funga. Sasa saba ni ile ya Gisbert! Padri amenisifu kwa kufagia.

Jumamosi, 11 Mei
Waamuzi wakanusa, wakasukutua, wakatema kwenye ndoo. Kufika namba tatu, mkubwa wao hakutema. Alimeza! Akaomba tena. Tatu, mshindi. Saba, nafasi ya tisa.
Lakini iliyomo kwenye tatu ni yangu! Nikasimama niseme. Nikakumbuka ingenibidi niseme na mengine. Nikapiga makofi kuliko wote, viganja vikawaka moto. Gisbert analia kwa furaha, na Jumatatu anachongwa mara ya nne. Inaniuma, inaniuma sana.

Jumapili, 12 Mei
Nimeamka kifua mbele. Kijiji kizima hakuna aliyenishinda ila mimi mwenyewe, na kushindwa na mtu kama mimi si aibu. Baada ya misa Padri akasema makofi yangu yamemgusa. Mwakani chupa zitafungiwa, na ufunguo nitakaa nao mimi. Gisbert ndiye aliyenipendekeza. Nimekubali kwa unyenyekevu mkubwa. Kuanzia kesho napita nyumba kwa nyumba nikionja, nijue mapema nibadilishane na nani.