Keki ya Limau na Tungi la Hidrojeni

Jumatatu, 4 Septemba

Ubao wa zamu umepangwa. Nimeusoma mara tatu. Ijumaa tarehe 22, siku ambayo miale itapita kwenye tungi langu kwa mara ya kwanza, atakayekaa kwenye meza ya kuongozea ni Clement Yaxley. Fundi wa sumaku! Mimi Desmond Pargeter nimepewa Jumapili tarehe 24. Jumapili mtambo mkuu unazimwa. Kazi yangu itakuwa kulinda kengele isiyolia.

Miaka tisa nimelijenga tungi lile. Madirisha yake ya alumini ni membamba kama ganda la kitunguu, na nimeyafunga kwa mikono hii. Ndani yake itaingia hidrojeni iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika. Halafu zitapita myuoni, chembe ambazo mtambo unazitema ovyo ovyo, kila moja na njia yake, kama watoto wakifunguliwa shule. Zikipita humo zinatulia na kujipanga. Wataalamu wanaita kuzipoza. Hapa kwetu bado hatujafanikiwa.

Ripoti itakuwa na majina mia na kitu ya madaktari wa sayansi. Fundi hatajwi. Jina la fundi linaandikwa mahali pamoja tu, kwenye daftari la zamu: nani alikaa mezani, saa ngapi, ameona nini. Nataka jina langu liwe kwenye ukurasa wa siku ile. Sitaki kingine.

Hata hivyo nashukuru. Majina ya zamu yako kwenye vibao vidogo vyenye sumaku, na kilichobandikwa hubanduka. Tena anayevipanga ni Daktari Winifred Garside, mama mwenye huruma, na anapenda limau.

Jumanne, 5 Septemba

Nimeamka alfajiri kuoka keki ya limau. Ghorofa mbili, sukari juu. Mke wangu Maureen akauliza nimeharibu nini kazini. Nikamjibu ni zawadi tu. Akaniangalia sana.

Laiti ningemsikiliza.

Mpango ulikuwa kuiweka kwenye ofisi ya Daktari, yeye aikute, alainike, ndipo nigusie habari ya Ijumaa. Mlango ulikuwa umefungwa. Nikaitua kwenye meza ya chai, nikaenda kutafuta ufunguo. Dakika tano! Niliporudi, saa nne u nusu, watu kumi na mmoja walikuwa wameizunguka keki, wamekunja mikono kama wako msibani.

Kwetu keki haiji bure. Anayeharibu kitu ndiye anayeleta. Ukizimisha sumaku, keki. Ukiangusha spana kwenye bomba, keki. Haijaandikwa popote, lakini hata maprofesa wanaitii, na wengine wameoka vibaya sana.

Daktari akaniuliza kwa upole nimevunja nini. Nikasema sijavunja kitu. Akasema hatanikaripia. Nikaapa. Clement akaja kunishika bega, akaniambia, mzee Des, kosa dogo ni biskuti, kosa la kati ni keki ya kununua, sasa hii ya ghorofa mbili umelipua nini? Watu wakacheka, lakini kicheko cha wasiwasi. Kadiri nilivyokana ndivyo walivyozidi kuamini.

Daktari amesimamisha kazi zote. Kila kitu nilichowahi kukigusa kitakaguliwa kesho. Nimegusa kila kitu.

Nashukuru keki imesifiwa.

Jumatano, 6 Septemba

Siku ya aibu.

Wamekagua mabomba. Wamekagua pampu. Wamefungua mpaka kabati langu la vifaa, wakakuta vikombe vinne vya kantini ambavyo sitavieleza. Mpaka saa tisa hakuna kosa lililopatikana, nikaanza kutembea kifua mbele. Nilikuwa nimeshaandaa hotuba fupi ya kusamehe watu.

Saa kumi wakafika kwenye tungi. Uvujaji unautafuta hivi: unapuliza heliamu nje, na chombo kinanusa kama inapenya ndani. Nikawaambia wasipoteze muda, tulilipima mwezi wa tano likawa zima. Clement akakumbusha kwamba mwezi wa saba nililifungua tena kukaza kipimajoto. Nikasema ndiyo, na nilifunga vizuri. Akapuliza. Chombo kikalia.

Tumefungua kifuniko. Kwenye pete ya indiamu, ile metali laini tunayozibia, kulikuwa na unywele mmoja umelala kutoka ndani mpaka nje. Wa mvi. Clement hana unywele hata mmoja kichwani. Daktari anapaka zake rangi nyekundu. Watu wote wakageuka kuniangalia ndevu.

Nikakaa chini. Tungeweka hidrojeni tarehe 22 na uvujaji ule, na hidrojeni haina utani na mtu. Pale mezani angekuwa amekaa Clement.

Kilichofuata sikukitegemea. Daktari akasema mbele ya wote kwamba kumbe nilikuwa na shaka na kazi yangu, nikashindwa kuisema kwa mdomo, nikaisema kwa keki. Akaniita muungwana. Wakapiga makofi. Nilitaka kusema keki ilikuwa hongo. Nilitaka kweli. Lakini makofi yalikuwa matamu, sijawahi kupigiwa tangu nianze kazi.

Namshukuru Mungu kwa chombo kile. Leo nashukuru kutoka moyoni, sitanii.

Ijumaa, 8 Septemba

Kuziba upya. Clement amelala chali chini ya tungi siku nzima, ananishikia waya wa indiamu, magoti yake mabovu kuliko yangu. Hakuna aliyemwagiza. Kabla sijainama amenivalisha kofia ya plastiki kichwani na nyingine kidevuni, akasema sasa nafanana na shangazi yake wa Didcot. Chombo kimenusa na kunyamaza. Tungi ni zima.

Tukinawa mikono akaniambia kuna jambo la zamu ameongea na Daktari, nitulie tu, nitaliona lenyewe.

Nitulie vipi? Mtu anayekwenda kwa mkubwa kuongea habari ya zamu yako anataka nini? Anataka Jumapili yangu nayo!

Jumatano, 20 Septemba

Nimetenda.

Ubao uko kwenye ukumbi, karibu na mlango wa chumba cha sumaku. Pale mlangoni kila kitu cha chuma unakivua, la sivyo sumaku inakivua kwa niaba yako: saa, mkanda, na miwani yangu ya fremu ya chuma. Nikatoka kwa mlango wa pembeni bila miwani, ukumbi mtupu, Daktari yuko kwenye mkutano. Bila miwani ubao wote kwangu ni ukungu. Lakini nafasi nazijua kwa moyo. Nikabandua kibao cha Ijumaa, nikabandua cha Jumapili, nikavibadilisha. Sekunde tatu. Nikasikia viatu, nikaondoka napiga mluzi.

Kama wakiuliza, vibao vina sumaku na jengo lina sumaku, huenda vimehama vyenyewe. Nashukuru nilizaliwa na akili.

Ijumaa, 22 Septemba

Jana sikuukaribia ubao, nisishukiwe. Leo nimevaa tai. Nimefika saa moja asubuhi na miwani puani, nikaenda kuangalia ubao.

IJUMAA: YAXLEY. JUMAPILI: PARGETER.

Nikasimama pale kama nguzo. Clement akatokea nyuma yangu na kikombe cha chai, naye akaganda. Akauliza hiki ni kitu gani, yeye jana hakupita ukumbini. Akaeleza kwamba wiki mbili zilizopita, siku ile ile tuliyoziba, alimwomba Daktari ampe yeye Jumapili na Ijumaa niipate mimi, maana tungi ni langu. Daktari akabadilisha vibao asubuhi ya Jumatano. Alitaka nishtukizwe.

Jumatano asubuhi. Mimi nilipita saa nane mchana, nikavirudisha vilivyokuwa.

Daktari akaja, akaangalia ubao, akaniangalia mimi na tai yangu. Machozi yakamlengalenga. Akasema, Desmond, umemrudishia. Clement akasema, mzee Des, wewe mtu wa ajabu, ningejua ningekuachia tangu mwanzo. Nikafungua mdomo nikiri. Ikatoka, asanteni.

Clement akakataa kukaa peke yake. Akavuta kiti cha pili. Mimi nikafungua miale, yeye akasoma vipimo. Saa nane na robo mchoro wa kwanza ukajikusanya kwenye kioo cha kompyuta. Kabla ya tungi, doa pana la chembe. Baada ya tungi, doa lile lile, dogo kidogo. Kidogo sana, ilibidi kuinama. Lakini dogo! Daktari alishika tu kiti changu kwa nyuma.

Clement akachukua kalamu akaandika kwenye daftari: D. Pargeter, C. Yaxley. Langu la kwanza. Nimekwenda chooni kulia, nikarudi, nikamkuta naye ana macho mekundu.

Ninalo jina kwenye ukurasa. Maishani sijawahi kutendewa wema kama huu, na aliyenitendea ndiye niliyemfanyia hila tangu mwanzo wa mwezi. Kuanzia leo, basi. Mimi na hila tumeachana.

Jumamosi, 23 Septemba

Nimeamka na moyo mweupe. Nimemwambia Maureen kwamba Clement ni ndugu yangu sasa, na Krismasi atakula kwetu.

Barua imetoka: Jumatatu tunapigwa picha rasmi ya kikosi mbele ya mtambo, itatundikwa mlangoni daima. Clement ni mrefu, tena mabega yale. Akisimama popote karibu na katikati, mimi sionekani.

Picha ni saa nane. Clement huwa hasomi barua, huniuliza mimi. Nitamwambia saa tisa.